Dakta Warsame na Mikaratusi ya Baba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Chifu wetu, Mchungaji na wazee wa kanisa, Mwalimu Mkuu uliyetupa uwanja huu, Dakta Shueib Warsame, mgeni wa heshima ambaye leo tunamuaga kwa shingo upande, wanafunzi wa Chuo Kikuu mlioishi nasi katika darasa la tano kwa misimu yote hii, wazazi wangu, akina mama wenzangu wa chemchemi, na wewe, mume wangu Abner, uliyeketi pale safu ya tatu ukijifanya hunijui: nawasalimu nyote. Bwana asifiwe. Salaam aleikum. Na kwa lugha ya nyumbani, bwakire buya.

Akina mama wamenituma niseme kwa niaba yao, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na kwa sababu, kama alivyosema Mama Nyangate pale kisimani, "Huyu ameolewa juzi, hata akikosea watu watamsamehe." Basi nisameheni mapema. Jina langu ni Drusilla, binti Ogari, na tangu mwezi uliopita mimi ni mke wa Abner Nyangau wa Nyamira. Nikilitaja jina hilo bado mdomo wangu unacheka wenyewe. Mtavumilia.

Mheshimiwa, wewe umekuja kufungua bomba na tangi hili jipya. Lakini je, unajua kwamba palikuwa na mwaka ambapo hapakuwa na maji ya kujaza hata sufuria? Chemchemi hii, ambayo bibi zetu waliikuta ikibubujika, ilikuwa imebaki kama jasho la mtu. Tulikuwa tukisimama foleni tangu alfajiri, na tukigombana. Wengine walisema ni laana, wengine walisema ni mvua za siku hizi. Ndipo walipokuja hawa vijana wa Chuo Kikuu na mwalimu wao, wakiwa na madebe, mitungi ya vioo na saa za mkononi, wakisema wanachunguza udongo, miti na maji ya milima yetu.

Nani aliwaamini? Hakuna. Tulidhani wametoka ofisi ya ardhi. Kila walipopita na kamba ya kupimia, mzee alitoka na kusimama kwenye mpaka wake kama nguzo. Ila Dakta Warsame alikuwa na siri yake. Alizaliwa Kisii mjini, baba yake akiuza ngozi na nguo kule sokoni, na Ekegusii chake, lugha yetu hii, ni cha sokoni kabisa, kile cha kubishania bei. Siku ya kwanza mzee mmoja alisema kwa lugha yetu, akidhani hasikiki, "Huyu mrefu mwembamba amekuja kutuuza." Dakta akageuka akamjibu kwa lugha hiyohiyo, "Nikuuze kwa nani, mzee, na magoti hayo?" Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku ile watu waliwapisha.

Na hapo kisimani, ndugu zangu, ndipo nilipomwona Abner. Nilikuta ameweka debe lake chini ya mchirizi, suruali ameikunja mpaka magotini, matope mpaka kwenye nyusi, macho kwenye saa.

"Dada, nisubiri kidogo," akasema, "napima."

"Pima haraka," nikamwambia. "Ugali haujipiki."

"Nikiharakisha nitakosea."

"Na mimi nikichelewa nitapigiwa kelele."

Akainua macho. Lo! Niseme nini? Nimesoma kidogo, lakini neno la yale macho sijalipata katika kitabu chochote. Nilisubiri lile debe lijae, na nikaomba lisijae upesi. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu maji yalikuwa yakiisha mara kwa mara, na mimi ndiye niliyejitolea kwenda kuyachota. Mama, usinitazame hivyo, ulijua.

Mwaka wa pili Abner alifanya mambo kwa utaratibu wa kwetu. Hakuninong'oneza vichakani. Alimtuma esigani, yaani mshenga, Mzee Machogu, ambaye alikuja nyumbani, akauliza yake kuhusu sisi, akajibu yetu kuhusu wao. Baba alikuwa ameanza kulainika. Alikuwa hata ameuliza kama Nyamira kuna majani ya chai mazuri.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo moyo wangu ulipotaka kupasuka. Wanafunzi walipomaliza kupima chemchemi zote za mtelemko huu, zile zilizo na miti ya asili, zilizo na migomba, na zilizo na mikaratusi, walikuta kwamba maji yanakauka pale palipo na mikaratusi imesimama bondeni, mizizi ndani ya maji. Na bondeni kwetu ilikuwa mikaratusi ya nani? Ya Ogari. Ya baba yangu.

Mheshimiwa, naomba baba yangu asieleweke vibaya. Miti ile aliipanda kwa mikono yake, akamwuzia kuni yule mwenye lori anayepeleka kiwanda cha chai cha Itumbe, na kuni hizo ndizo zilizonisomesha. Kiswahili hiki mnachokisikia kimetoka kwenye miti ile. Wasichana wangapi wa rika langu walikaa nyumbani? Mimi nilivaa sketi ya shule kwa sababu baba alikata mti na kupanda mwingine. Mtu akisema miti hiyo ina ubaya, amegusa kitu ambacho baba alikipenda kwa ajili yangu.

Abner alilijua hilo. Mwenzake Mokeira, huyu dada aliyeketi hapa na ambaye sasa ni kama dada yangu wa tumbo moja, alinisimulia jinsi Abner alivyomwendea Dakta akimsihi kwamba matokeo ya bonde letu yasomwe na mtu mwingine kwenye baraza.

"Nani aliyepima pale?" Dakta akamwuliza.

"Mimi."

"Basi aliyepima ndiye asome. Mimi nitaketi karibu yako."

"Dakta, yule ni baba mkwe wangu!"

Mokeira akadakia, "Bado, ndugu yangu. Bado. Na ukikataliwa hapa, Nyamira wasichana hawajaisha." Mokeira, hilo nimekusamehe, lakini sijalisahau.

Siku ya baraza mlikuwapo. Abner alisimama akasoma mpaka akafika bonde letu. Alimtaja baba kwa heshima, akaeleza jinsi miti ile inavyokunywa. Baba akasimama. Hakupaza sauti. Aliuliza jambo moja tu: "Kijana, nikiikata, maji yatarudi lini?"

Enyi mnaopenda, au mliowahi kupenda, jiwekeni mahali pake! Kama Abner angesema miezi mitatu, akina mama wangepiga vigelegele, baba angeona haya kukataa mbele ya kijiji, na mimi ningeolewa kabla ya Krismasi. Nilikuwa nyuma pale, nimefumbata mikono, nasema moyoni: sema miezi mitatu, mpenzi wangu, sema chochote! Abner akamtazama mwalimu wake. Dakta hakumpa ishara yoyote.

"Sijui, Mzee," Abner akasema. "Hilo hatujalipima."

Watu walizomea. Mmoja akapiga kelele, "Mmekaa hapa misimu mingi mkinywa uji wetu, na hamjui?" Baba akachukua kofia yake. Jioni ile alimwambia Mzee Machogu, "Kaa kwako sasa. Miguu yako ipumzike." Na sote tunajua mshenga akiambiwa apumzike maana yake ni nini.

Huku shuleni, Mokeira anasema, Abner alimgeukia mwalimu wake kwa hasira: "Dakta, umeninyima mke!" Dakta hakumkemea kwa kumpandishia sauti. Alimwambia, "Una haki ya kunikasirikia. Kesho tukapime." Na kesho yake, Abner hataki kula, hataki kusema, Dakta mwenyewe alimbebea debe mpaka bondeni. Mtu wa shahada zake! Aliketi naye kwenye tope siku nzima bila kumhubiria. Mimi nilikuwa nikiwaona kutoka juu, nyumbani, nimekatazwa kwenda kisimani, nikilia ndani ya leso.

Halafu, mwezi wa Ramadhani, Dakta akaja nyumbani kwetu peke yake. Baba alimwona akipanda njia akasema, "Nitamsalimia, basi. Sina neno naye." Lakini Mama alikuwa ameshaweka birika motoni. Dakta akakataa chai. Mama akadhani amekuja na kinyongo. Akaleta maziwa ya mala, akakataa. Akaleta ndizi, akakataa, akaeleza kwa upole kwamba amefunga mpaka jua litakapozama.

Wageni wetu mnaotoka mbali, sijui kama mnajua kosa alilofanya. Alikuja nyumba ya Wagusii saa tisa mchana, hawezi kula, na nyumba ya Wagusii haimwachi mgeni aondoke na tumbo tupu! Alipoinuka aage, Mama alisimama mlangoni. Mama yangu ni Msabato; kila Ijumaa hulitazama jua likishuka ili Sabato iingie, kwa hiyo mtu anayengoja jua hakumshangaza hata kidogo. "Keti, Dakta," akasema. "Litazama tu." Akamletea jogoo na kisu. "Mchinje mwenyewe kwa desturi yako, nisije nikakukosesha kwa Mungu wako." Dakta akachinja, Mama akapika, na baba, ambaye hakuwa na neno naye, akajikuta ameketi naye kwenye viti viwili vya nje, wakilitazama jua ambalo siku ile lilikataa kabisa kushuka.

Waliongea kuhusu nini? Kwanza kuhusu ngozi. Baba aliwahi kumwuzia ngozi mzee Warsame, baba yake Dakta, na alikumbuka kwamba alipunjwa. Dakta akasema, "Inawezekana. Alinipunja hata mimi." Baba akacheka bila kutaka. Mimi nilikuwa dirishani, nachambua mboga zilizokuwa zimekwisha kuchambuliwa.

Baba ndiye aliyeanza habari ya mikaratusi. "Dakta, kwa nini kijana wako hakusema miezi mitatu? Ningeikata siku ileile. Ningeikata kwa hasira, lakini ningeikata."

Dakta akamjibu, "Na mwezi wa nne, maji yasiporudi, ungemwita mwongo. Na wakati huo angekuwa mkwe wako."

Baba akamtazama. Akatazama bondeni. Akauliza, "Wewe ulimfundisha kusema vile?"

"Nilimfundisha kupima. Kusema alisema mwenyewe. Mimi, Mzee Ogari, nilipokuwa na umri wake na nampenda mama watoto, sijui kama ningeweza. Usiku ule nilikaa nikijiuliza."

"Na hukuja kumwombea?"

"Sikuja kumwombea. Nimekuja kukuomba safu ya chini tu, ile iliyo ndani ya maji. Ya juu ibaki, uendelee kuuza. Tuitazame pamoja, wewe na sisi. Ikishindikana, utakuwa umepoteza safu moja, nami nitasimama barazani niseme tulikosea."

Hapo jua likazama. Mama akaita. Wakanawa mikono, wakala ugali wa wimbi na yule jogoo katika sahani moja, na baba alimsukumia Dakta firigisi, ambayo nyumbani kwetu hakuna anayethubutu kuigusa isipokuwa yeye. Nilipoiona ile firigisi ikivuka sahani, nilimkonyeza Mama. Kabla ya kulala baba alisema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Kesho mtu amwambie Machogu miguu yake imepumzika ya kutosha."

Ndugu zangu, niliruka. Nilimkumbatia Mama na sufuria yake yenye masizi.

Safu ya chini ilikatwa. Akina mama hawa ni mashahidi: leo hatusimami foleni alfajiri, na tangi unalolifungua, Mheshimiwa, limejaa bila kubembelezwa. Naona mume wangu ananikunjia uso. Anataka niseme kwamba mwaka huu mvua nayo ilikuwa nyingi, na kwamba bado wanapima. Haya, nimesema. Sasa kunja uso vizuri, unapendeza zaidi ukicheka.

Mwezi uliopita, kanisani, Mchungaji alipomwuliza Abner kama atanipenda katika raha na katika shida, Abner alijibu "Ndiyo" kabla swali halijafika kwenye shida. Kanisa zima likacheka. Dakta Warsame, aliyeketi benchi la nyuma upande wa wanaume wa kwetu, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu sana.

Dakta, wapo walimu wanaowapa wanafunzi wao majibu, na wapo wanaowapa vyeti. Wewe ulimwacha wako akose kitu alichokitaka kuliko vyote, ukaketi karibu yake, ukambebea debe. Nimeolewa na mtu ambaye akiniambia jambo, silichunguzi mara ya pili. Je, kuna mahari inayolingana na hilo? Akina mama wa chemchemi wamekufumia kikapu. Ndani yake mna majani ya chai, wimbi, na jogoo mzima, mwenye miguu yake, wa kuchinja mwenyewe. Mokeira, chako kipo pia, ingawa hukustahili. Nanyi wanafunzi wote, mkitawanyika nchi hii, mpate wenyeji watakaowazuia mlangoni mpaka mle.

Mheshimiwa, Bwana Chifu, wazazi wangu, nawashukuru kwa subira yenu na kwa vicheko vyenu. Masikio mliyonipa nayarudisha salama. Asanteni sana. Sasa niruhusuni nikaketi safu ya tatu. Nimekaa mbali na mume wangu tangu nilipoanza kusema, na kwa mtu wa mwezi mmoja, hiyo ni safari.