Nyimbo Nane za Bi Kurumbiza

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda changu cha kushona viatu. Anayekaa mwisho akiinuka ghafla, wengine wote chini, kwa hiyo hapa mtu haondoki bila kuaga. Asubuhi hiyo mada ilikuwa moja. Jana yake alipita binti wa Bi Kurumbiza, yule mama aliyeimba na bendi ya jazi enzi zetu. Mama kapigwa na kiharusi, wiki ya tatu hasemi, akiitwa hageuki. Daktari kasema msikilizisheni alichokipenda zamani, huenda akarejea. Binti anatafuta nyimbo za kwanza za mama yake, zile nane alizorekodi redioni akiwa na miaka kumi na tisa. Sisi kwa sifa zetu tukamwambia, mwanangu, umefika penyewe, njoo kesho saa nne. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu, na mkononi hatukuwa na kitu zaidi ya vikombe vya kahawa.

Wa kwanza kufungua domo alikuwa Breki, dereva wa lori ambaye lori lake halijatembea mwaka wa pili huu.

— Sahani za santuri zipo, akasema. Zipo chini ya vitanda vya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tupite nyumba kwa nyumba, tuiname.

— Uiname kwa mgongo upi? nikamwuliza. Juzi umeinama kufunga kamba za viatu, tumekuinua watu watatu.

— Wewe shona viatu.

Tarumbeta akakohoa. Huyu alipuliza tarumbeta nyuma ya Bi Kurumbiza miaka sita, na tangu meno ya mbele yamtoke amebaki na jina tu.

— Sahani hakuna, akasema. Zile nane hazikufika kwenye sahani. Zilibaki kwenye mikanda kulekule redioni. Siku mbili, kipaza sauti kimoja, mimi nimesimamishwa mlangoni nisimfunike.

— Na zile sahani zake zilizouzwa?

— Za baadaye hizo. Walikuwa wameshamfundisha aimbe kama wenzake. Mwenyewe akizisikia anaondoka chumbani. Alikuwa akisema, hizo ni za mwenye duka la santuri, zangu ni zile nane.

— Mbona watu hawakuzishika kichwani?

— Watu gani? Kila Jumamosi alianza nazo ukumbini, na watu wanangoja amalize waombe za kucheza. Nyimbo anazitoa moyoni, wao wanaita soda.

Nami nilikuwa mmoja wa waita soda.

— Basi mikanda imeibwa, Breki akasema. Imevushwa nje. Saa hizi kuna mtu huko kakaa kwenye kiti cha ngozi, anamsikiliza mama yetu na kulia.

— Analia nini na lugha haijui?

— Muziki hauna lugha.

— Hauna lugha, na wewe wimbo usioujua unazima redio?

— Nazima kwa sababu ya betri.

— Mikanda haikwenda mbali, Tarumbeta akasema, sauti ameishusha. Mnamkumbuka mwimbaji aliyemfuata, yule wa mawigi? Aliolewa na mkubwa wa redio. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliichukua ile mikanda akajazia mto. Akalalia sauti ya mwenzake miaka yote ile, ndiyo maana sauti yake ikanawiri.

— Mto wa mikanda si utamkwaruza shingo?

— Uliwahi kumwona bila skafu?

Hapo hata muuza kahawa alicheka, na yeye huwa hatuchekei, maana anatujua. Breki hakukubali kushindwa.

— Nyie hamfikirii. Kuta zina masikio, sivyo? Kama zilisikia, zinakumbuka. Ile studio leo ni ghala la saruji, lakini ukuta ni uleule. Tuubomoe, tuupakie kwenye lori, tumpelekee mgonjwa chumbani kwake.

— Lori gani?

— Ukuta kwanza. Lori baadaye.

Muda wote huo Mkanda hakusema neno. Mkanda alikuwa fundi mitambo wa redio mpaka alipostaafu, na kwa kawaida yeye ndiye mwenye kelele kuliko sote. Muuza kahawa akamwinamia.

— Baba, kahawa imepoa mkononi. Unaumwa?

— Hakuna aliyeiba, Mkanda akasema. Niliifuta mimi.

Birika lilikuwa likimimina, likaacha.

— Mikanda mipya ilikuwa inaletwa mara moja kwa mwaka, akaendelea. Msanii mgeni, kabla kamati haijampitisha, ni marufuku kuandika jina lake kwenye boksi. Unaandika Majaribio. Nikaandika Majaribio, mara nane, kila wimbo boksi lake. Kamati haikukaa. Mwezi wa kwanza haikukaa, wa nne haikukaa. Ijumaa moja mkuu akapitisha orodha: majaribio yote yafutwe.

— Na wewe ukafuta?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa na miguu miwili na watoto watano.

— Ulijua ni za nani? Tarumbeta akauliza.

— Nilijua. Ndiyo maana nikawa nafuta mmoja kila Ijumaa, nikitumaini kamati itakaa. Haba na haba hujaza kibaba. Wa nane niliuficha kwenye droo wiki mbili. Ikaja mechi, mkanda hakuna.

— Mechi gani?

— Iliisha bila bao.

Hakuna aliyemtukana. Ningependa kusema ni huruma, lakini nadhani kila mmoja alikuwa anaangalia maboksi yake mwenyewe. Breki tu ndiye aliyesema, taratibu, kwamba miaka yote hii jamaa amekaa nasi hapa, mada ya Bi Kurumbiza imepita mara mia, naye anachangia.

Saa nne kamili binti akatokea. Kifuani amekumbatia redio ya kaseti, na betri mpya bado ziko kwenye karatasi yake.

— Shikamooni baba zangu.

— Marahaba, mwanangu.

Wenzangu wote wakanitazama mimi, kwa kuwa benchi ni langu. Nikamwambia. Nilimwambia yote, isipokuwa ni nani aliyefuta, na Mkanda akainua mkono mwenyewe, kama mwanafunzi. Binti hakupiga kelele. Nilitamani apige. Akaweka betri mfukoni, akasogeza gauni, akaketi pale ukingoni.

— Sawa, akasema. Lakini nyinyi mlikuwepo. Nani anaukumbuka mmoja? Mstari mmoja tu, maneno na sauti yake, nikamwimbie mimi.

Breki akasema yeye siku zote alikuwa nje kwenye gari la bendi, analinda vyombo.

— Mimi nilikuwa natazama mshale wa sauti kwenye mtambo, Mkanda akasema. Usifike kwenye nyekundu. Haukufika hata mara moja, mwanangu. Hiyo naikumbuka.

Binti akanigeukia. Ukumbini hata zile zisizo za kucheza nilikuwa nazicheza na marehemu mke wangu. Nilikuwa natazama miguu nisimkanyage. Nikatafuta kichwani neno moja la wimbo, lolote, nikaona viatu vyake vyeupe tu. Nikaona aibu mpaka machozi yakanitoka.

— Mimi najua, Tarumbeta akasema.

Akakaza midomo juu ya ufizi, akatoa ile sauti ya shaba kwa mdomo, pa-pa-paa, pa-paa, tamu ajabu kwa mzee wa meno yale. Kisha akakata ghafla.

— Hapo ndipo anaingia, akasema.

— Anaingia anasemaje?

— Hapo mimi nilikuwa nahesabu. Nahesabu mapigo kumi na sita, halafu zamu yangu tena.

— Jaribu, baba. Pengine itakujia.

Akaanza upya, pa-pa-paa, pa-paa, akakata. Binti akasogea karibu, mdomo kaufungua kidogo, tayari kudaka. Tarumbeta akafumba macho, akahesabu kwa vidole juu ya goti, moja, mbili, tatu, nasi sote tukihesabu naye kimyakimya, akafika kumi na sita, akaingia tena, pa-pa-paa, pa-paa.