Leonard Petri Banzi na Wenzake Wawili (1999–2025)

Kanuni inayowaongoza wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho iko wazi: mmisionari hakai peke yake. Huamka na mwenzake, hula na mwenzake, hupiga hodi na mwenzake, na wakati wote awe mahali anapoweza kumwona au kumsikia, isipokuwa bafuni. Marehemu Leonard Petri Banzi aliisoma kanuni hiyo akiwa na miaka ishirini na miwili. Tofauti na wengi wetu na kanuni zetu, aliishika.

Alizaliwa Nyandira, Mgeta, tarehe 9 Machi 1999, mtoto wa pili wa Mzee Petri Banzi, katekista wa Kanisa Katoliki kwa miaka thelathini na moja, na Mama Modesta. Alizaliwa na kifua kibovu, na baridi ya Mgeta haikukisaidia. Mama alimfunika kwa mablanketi mawili, la pili likiwa la dada yake Mosi, ambaye mpaka leo anasema hakurudishiwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyandira, kisha sekondari Morogoro mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2016. Hesabu alifeli kwa utulivu. Mwaka uliofuata aliajiriwa na Bwana Umang, mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, ambaye anakumbuka kijana aliyepanga kalamu kwa rangi bila kuambiwa.

Ni katika duka hilo vijana wawili wenye mashati meupe waliingia kununua daftari, wakatoka wakiwa wamemwalika kanisani. Alibatizwa tarehe 12 Mei 2019. Baada ya wiki tatu baba yake aliuliza kama huko nako wanasali Baba Yetu. Hakuuliza tena.

Tarehe 16 Agosti 2021 alianza misheni ya miaka miwili. Baada ya miezi sita nchini Kenya alihamishiwa Morogoro, akapangwa nyumba ya Mafiga pamoja na Mzee Larsen, kijana wa Idaho, Marekani. Wamisionari hao huitwa Mzee hata kama hawajaota ndevu. Kila asubuhi Leonard alifungua dirisha akaiona milima ya Uluguru, na nyuma ya milima hiyo, mama yake. Kwenda nyumbani hakukuruhusiwa mpaka misheni iishe. Aliandika katika daftari lake: "Leo mlima umeonekana vizuri." Sentensi hiyo imo mara hamsini na nane.

Siku zao zilifanana. Kuamka saa kumi na mbili na nusu, kusoma maandiko, kupiga pasi, kisha milango ya Mafiga na Mazimbu mpaka miguu iwake moto. Bi Chausiku wa Mafiga, ambaye tunamshukuru kwa kufika leo, anasimulia walivyofika kwake mara ya kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie wa umeme?"

"Hapana, bibi. Sisi ni wamisionari. Tunaleta ujumbe."

"Ujumbe wa umeme unarudi lini?"

Aliwapa maji ya kunywa, akasoma beji ya Leonard, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee Banzi! Mzee wa wapi wewe? Mimi mjukuu wangu mkubwa kwako!" Hakubatizwa. Lakini waliendelea kupita kwake kila Alhamisi, kwa kuwa ulikuwa mlango uliofunguka.

Mzee Petri alifariki Jumanne, tarehe 14 Juni 2022. Uongozi wa misheni ulimpigia Leonard simu na kumruhusu aende kuzika, yeye na mwenzake. Mwenzake wakati huo alikuwa hospitali na dripu mkononi, malaria ikimtoa jasho na Kiingereza cha kuweweseka. Wamisionari wengine wa karibu walikuwa Dar es Salaam, na wasingefika mpaka Jumatano jioni. Leonard aliambiwa anaweza kutangulia, manesi wapo. Alijibu kwamba manesi hawakupangwa pamoja na Larsen. Yeye ndiye aliyepangwa naye.

Mama alimpigia Jumatano asubuhi.

"Baba yako anazikwa saa nane."

"Mama, mwenzangu mgonjwa sana. Siwezi kumwacha peke yake."

"Na mimi niko na nani?"

Leonard alisema angepiga jioni. Alipiga. Hakuna aliyepokea.

Alimaliza misheni Agosti 2023. Alipanda Nyandira siku hiyohiyo, akasimama kaburini kwa baba yake muda mrefu, kisha akaingia jikoni. Mama alimpakulia ugali na maharage, akamwuliza kama yule Mzungu alipona. Akasema alipona. Mama akasema, "Afadhali." Hawakulizungumza tena jambo hilo, na kwa Mama Modesta huo ndio msamaha.

Alirudi dukani kwa Bwana Umang na kupanga chumba Mafiga. Kanuni ya wawili haikumbana tena, ila miguu yake haikupata taarifa. Alikuwa akifika getini, anasimama, anangoja mtu. Kutembelea wagonjwa na wazee peke yake hakuweza. Mwishowe alimwendea jirani yake Stambuli, fundi baiskeli.

"Kaka, twende basi."

"Nikafanye nini, mie Mwislamu?"

"Ukae tu. Kusema nitasema mimi."

"Wakiniuliza mie nani?"

"Waambie mwenzangu."

Walitembea pamoja kwa karibu miaka miwili, Jumamosi na Jumapili. Ikifika alasiri Stambuli aliingia msikitini, na Leonard alimsubiri nje kando ya viatu, tai shingoni. Hakuna aliyembadili mwenzake.

Hakuoa. Familia inaomba swali hilo lisirudiwe hapa msibani, alijibu vya kutosha akiwa hai.

Pumu ilimrudia mwaka jana. Mara nne ilimbana vibaya, na mara zote nne Stambuli alisikia kupitia ukutani, akambeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Mara ya tano ilikuwa mchana wa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025. Mwenye nyumba wake, Mama Raya, alimkuta jioni ameketi kwenye kiti karibu na mlango, shati limepigwa pasi, viatu miguuni. Alikuwa amekwisha kufariki.

Ameacha mama, dada yake Mosi na mume wake, wapwa watatu, na mjomba wake Ahmadi, msemaji wa ukoo. Mzee Larsen ametuma salamu kutoka Idaho, kwa Kiswahili, ndefu kuliko wasifu huu. Leo tunamlaza Leonard hatua nne kutoka kwa baba yake. Bwana ampe pumziko, na amkalie karibu.

Stambuli yuko nasi, pale nyuma. Familia inamwomba asijilaumu. Jumamosi ile alikuwa Gairo kwenye arusi ya mpwa wake, na ni Leonard aliyemwambia aende.