Mkanda Uliozidi

Mama aliyekuwa akipeleka gunia la mashuka mabichi kwa dada yake alimbana fundi umeme aliyeketi kando yake kwenye basi. "Mashine yangu ya kukaushia nguo inanguruma tu, haizunguki. Mume wangu kaifungua, kaifunga, kasema mota imekufa." Fundi akauliza, "Pipa la ndani ukilisukuma kwa mkono?" "Halina ubishi, linazunguka kwa kidole." "Basi mota ni nzima, mama. Mkanda wa kulizungusha ndio haupo." "Mume wangu hasahau kitu!"

Mimi niliyekaa nyuma yao nilikaribia kumwamini mama. Fundi akaugusa mkanda mweusi wa mpira uliofunga gunia. "Na huu?" "Kanipa yeye. Kasema ulizidi."

Basi likasimama. Mama akashuka na gunia lake, kisha akageukia dirisha la fundi: "Hata hivyo, mota imekufa!"