Mafundi wa Kipanya cha Mwalimu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kutengenezea miavuli, na ukikaa upande wa kushoto omba Mungu mwenzako wa kulia asinyanyuke ghafla. Hapo ndipo mambo ya dunia hukatwa kila alasiri, yawe ya ndoa, ya mpira au ya mwezi kupatwa, na hakuna aliyewahi kufika na swali moja akaondoka na majibu pungufu ya manne. Mwenye kibanda ni Injinia, jina alilojipa mwenyewe, na wengine wakalikubali kwa kuchoka kubishana. Katikati hukaa Wakili, muuza viatu vya mitumba, ambaye mahakamani ameingia mara moja tu, tena kama shahidi, na ushahidi wake ukakataliwa. Kahawa ni ya Shangazi, mama mwenye birika kubwa na maneno machache. Na Jumapili hiyo, pembeni kabisa, alikaa Rangi, fundi wa kupaka nyumba rangi, mtu mpole mwenye madoa meupe kwenye nyusi, kashika kipanya cha kompyuta kama mtu aliyekabidhiwa yai la watu.

Kipanya hakikuwa chake. Kilikuwa cha mkewe, mwalimu wa taaluma, na shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Ratiba ya shule nzima ilikuwa ndani ya laptopu ya mwalimu, imekwama nusu, kwa sababu yeye huipanga kwa kuvuta visanduku kwa kipanya, hiki cha hesabu huku, hiki cha historia kule. Pale chini ya vitufe watu wanapopapasa kwa kidole kusogeza mshale palikufa siku uji ulipomwagikia. Kipanya kisipofanya kazi leo, kesho walimu watatu wataingia darasa moja na darasa la pili litabaki linapiga ngoma juu ya madawati.

Tatizo lilianza Ijumaa, kwenye benchi hilo hilo. Rangi alikuja na laptopu ya mkewe, na kikao kikapitisha kwa kauli moja kwamba mfumo wake utolewe, uwekwe mwingine. Injinia akatoa flashi aliyopewa na mpwa wake, kazi ikafanyika kati ya mwavuli na mwavuli. Mafaili ya mwalimu yalinusurika. Laptopu ikawaka na sura mpya, ila kipanya kikagoma. Mwalimu alipouliza mbona kompyuta imebadilika, Rangi alisema imejiapdeti yenyewe. Alipozima, akawasha, akabadilisha betri na kipanya kikabaki mfu, Rangi alikidaka kabla hajachunguza zaidi, akasema atakipeleka kwa fundi. Uongo wa kwanza ulizaa wa pili, na huo wa pili ndio uliomleta benchini.

— Kiweke hapo tukione, alisema Injinia.

Rangi alikiweka katikati ya benchi, juu ya kifuniko cha kopo, na mikono yote ikarudi nyuma. Benchi lina sheria moja: kitu kibovu, wa mwisho kukishika ndiye aliyekiharibu. Sheria hiyo ilipitishwa baada ya redio ya Wakili kuzunguka benchi zima ikiwa inaimba, ikamrudia mwenyewe ikiwa bubu. Tangu hapo vitu hutibiwa kwa macho.

— Betri? aliuliza Wakili.

— Mpya. Na taa inawaka, kule chini.

— Taa kuwaka si hoja. Hata mimi macho yangu yako wazi asubuhi, lakini siko kazini.

— Tatizo ni lugha, alisema Injinia. Hiki kipanya kilisomeshwa lugha ya mfumo wa zamani. Sasa umekuja mfumo mpya unasema yake. Kinaitwa, hakielewi. Kinaona kama kinatukanwa.

— Kwa hiyo tufanyeje?

— Kilaze karibu na laptopu usiku kucha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Usiku kucha sina, ndugu yangu. Ratiba inatakiwa ukutani kesho asubuhi.

— Pingamizi! alisema Wakili. Hapa hakuna suala la lugha. Hapa kuna mkataba. Kipanya kilifunga mkataba na mfumo wa kwanza. Mmeufukuza bila notisi, halafu mnataka kipanya kimtumikie mgeni kwa kipengele gani?

— Mgeni mwenyewe kaingia Ijumaa, alisema Injinia. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ijumaa, Jumamosi, leo. Leo ndiyo ya jembe.

— Jembe lenyewe ndilo hilo hapo juu ya kifuniko, alisema Rangi. Limegoma.

Wakacheka, na Rangi akacheka nao kidogo, ingawa moyoni alikuwa anamwona mkewe amekaa mezani, mikono mitupu, anaangalia visanduku asivyoweza kuvigusa.

— Nikwambieni kitu kilichoniumiza kichwa jana, alisema. Nilijaribu mwenyewe, mwalimu alipotoka kuanua nguo. Nikaifungua laptopu, ikaniandikia: "Ili kuunganisha kifaa kipya, bofya hapa." Nibofye na nini? Ninachotaka kuunganisha ndicho cha kubofyea!

 Hata Shangazi aliacha kumimina.

— Hiyo ni sawa na kufungia ufunguo ndani, alisema Wakili polepole, halafu mlango ukuambie ulete ufunguo.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu, alisema Injinia.

— Inahusiana vipi?

— Sijasema inahusiana. Nimesema walisema.

Injinia alivuta fundo la kahawa, akakitazama kipanya kwa jicho moja, namna anavyotazama mwavuli uliovunjika mbavu.

— Hebu niambie, Rangi. Hiki hakina waya, sivyo?

— Hakina. Kinatumia blututhi.

— Kwa hiyo mawasiliano yake yanaelea hewani. Na ukiona vyaelea, vimeundwa, na vilivyoundwa vinaweza kupeperuka. Nyumbani kwako kuna feni?

— Ipo.

— Inaangalia wapi?

— Dirishani.

— Basi! Tangu Ijumaa mawasiliano yote yanatoka dirishani. Mwalimu anasukuma kipanya, feni inasukuma mawasiliano.

— Yakitoka yanakwenda wapi? aliuliza Shangazi.

Shangazi akiuliza, swali hupewa heshima. Wakili aliweka kikombe chini.

— Hapo ndipo penye kesi, alisema. Kitu hakipotei hivi hivi. Yametoka nyumba hii, yameingia nyumba nyingine. Hiki kipanya, ninavyokwambia, kinafanya kazi barabara kabisa. Ila kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

— Ya nani?

— Yoyote iliyo karibu. Pale kona si kuna kliniki ya meno? Daktari yule ana kompyuta. Mgonjwa kaachama, daktari anatazama picha ya meno, mshale uko kwenye jino bovu. Wewe huku unakisogeza kipanya kidogo tu...

— Mshale unahamia jino zima, alimalizia Injinia.

— Leo Jumapili, alisema Rangi.

— Jino lina Jumapili?

Hoja ilikuwa nzito. Wote walikitazama kipanya upya, na kila mtu akajivuta nyuma kidogo. Rangi naye alijivuta, na kwa kuwa alikuwa pembeni kabisa, ubao ukanyanyuka upande wa pili. Kifuniko kikateleza. Kipanya kikatoka juu yake, kikasafiri urefu wa kiganja na kusimama kwenye paja la Wakili.

— Usikiguse! alipiga kelele Injinia.

— Sijakigusa! Kimenigusa chenyewe! Andikeni hivyo!

Wakati huo huo mlango wa kliniki pale kona ulifunguliwa, akatoka mwanamume ameshika shavu kwa mikono miwili, anatembea upande upande. Benchi zima lilimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea.

— Tumemmaliza baba wa watu, alinong'ona Wakili, mguu umekufa ganzi kwa kuogopa kuusogeza.

— Tusimame, tunyamaze, tutawanyike, alisema Injinia. Asiyekuwepo na lake halipo.

Lakini kutawanyika hawakuwahi, maana mwalimu alikuwa anavuka barabara. Alikuja na kanga begani, laptopu kwapani, mwendo wa mtu mwenye kazi inayomngoja. 

— Hamjambo jamani?

— Hatujambo, shemeji. Karibu kahawa, shemeji.

— Asante, sikai. Nimewaza kwamba fundi hawezi kupima kipanya bila kompyuta, nikaona nimletee. Baba watoto aliniambia yuko huku. Fundi ni yupi?

Injinia alianza kukunjua mwavuli ambao haukuwa na ugonjwa. Wakili alikuwa na sababu ya kutojitikisa. Shangazi alimtazama Rangi, akamtazama mpaka Rangi mwenyewe akahisi madoa ya kwenye nyusi yanawaka moto.

— Fundi hakuna, mama watoto, alisema akasimama. Na kompyuta haikujiapdeti. Tuliibadilishia mfumo wote sisi, Ijumaa, hapa hapa. Nilikuogopa nikakudanganya, na ratiba yako imekwama kwa ajili yangu.

 Mwalimu alishusha pumzi.

— Yaani ni mfumo mwingine kabisa.

— Mwingine kabisa.

— Na mimi tangu juzi nakitukana kipanya cha watu! Baba watoto, ungeniambia siku ile ile ningemaliza kabla ya chakula. Hebu sogeeni.

Alikaa kwenye benchi, akafungua laptopu magotini, akanyoosha mkono pajani kwa Wakili na kukichukua kipanya bila kuomba ruhusa ya sheria yoyote.

— Shemeji, taratibu! alisema Injinia. Kuna mgonjwa kule kliniki!

— Mgonjwa gani?

— Endelea tu, shemeji.

Mwalimu alikipindua. Kule tumboni kilikuwa na kitufe kidogo, akakibonyeza na kukishikilia mpaka taa ikaanza kupepesa haraka haraka. Kisha akageukia laptopu, akatembea kwa vitufe vya mishale, chini, chini, kulia, akagonga kitufe cha kukubali.

— Kumbe unaweza kubofya bila kubofya, alisema Rangi kwa mshangao.

— Vitufe viliwekwa kabla ya kipanya. Na hiki hakina ubaya wowote. Kilikuwa kimezoeana na mfumo wa zamani, huu mpya hakijatambulishwa nao. Ni kuwatambulisha tu upya.

Mshale ulitokea katikati ya kioo, ukayumba, ukatulia, ukaenda ulikotumwa. Mwalimu alishika kisanduku cha historia akakivuta hadi Jumatano, nacho kikakaa. Benchi zima lilipiga shangwe.

— Nilisema ni lugha! alisema Injinia.

— Nilisema ni mkataba! alisema Wakili, hatimaye anausugua mguu wake.

Rangi hakudai kitu. Alisimama nyuma ya mkewe, anaangalia visanduku vinavyokwenda mahali pake kimoja kimoja, na furaha ikamjaa mpaka macho yakamlenga, aibu nayo ikiwa haijaondoka. Walimu watapata madarasa yao. Na mkewe hajamfokea mbele ya watu, jambo lililomfanya ampende zaidi na kuogopa zaidi kurudi nyumbani.

Mwalimu alifunga laptopu. Alikuwa ameshanyanyuka, kanga ameirudisha begani, alipokumbuka kitu.

— Niulize tu, ndugu zangu, maana mnajua mambo mengi. Ule mfumo wangu wa zamani ulikuwa na kasoro gani?

Injinia aliurudia ule mwavuli usio na ugonjwa. Akaufunga. Wakili aliangalia viatu vyake, kisha vya wenzake. Rangi alijaribu kweli kweli kukumbuka. Ulikuwa mzito? Hapana, ulikuwa unafunguka kabla mwalimu hajamaliza kufunga kamba za viatu. Ulikuwa unazima ovyo? Wala. Alirudi mpaka Ijumaa akatafuta sababu kila mahali, na alichokikuta ni kwamba jua lilikuwa zuri, kahawa ilikuwa ya moto, na Injinia alikuwa na flashi.

Mwalimu aliwangoja, kwa subira ile ile anayowangojea wanafunzi waliokuja bila kazi ya nyumbani.

— Shangazi, alisema Wakili kwa sauti ndogo, hebu mimina kidogo tufikirie.

Shangazi aliinua birika, akaligeuza juu chini mbele ya macho yao. Halikutoka hata tone.