Jiryis Karadsheh, Aliyekula kwa Bi Visitación

Baba Padri, ndugu wa hapa Zaragoza na ninyi mliotoka Madaba kwa ndege mbili, majirani wa ngazi yetu, na ninyi wenye mikahawa mliojibana viti vya nyuma, ambao baadhi yenu, familia inafahamu, mmekuja kuhakikisha kwamba kweli amekufa, mimi Engracia, binti wa kwanza wa marehemu, nimetumwa na mama na mdogo wangu Khalil niwasomee safari ya baba yetu, na kwa kuwa baba alikuwa mtu wa kinyaa tangu alipoachishwa ziwa, historia hii haitapambwa maua, na mwenye tumbo jepesi aweke leso karibu.

Marehemu Jiryis Karadsheh alizaliwa tarehe 6 Mei 1951, siku ya mtakatifu wa jina lake kwa kalenda ya kwao, katika mji wa Madaba, nchini Jordan, akiwa mtoto wa nne wa mzee Odeh, mfuga kondoo, na Bi Hilweh, mama aliyesugua masufuria kwa majivu hadi yakatoboka. Alisoma shule ya parokia hapo hapo Madaba, akamaliza sekondari mjini Amman mwaka 1969, na kwa kuwa kondoo wa baba yake walikuwa wakifa kwa maradhi yasiyojulikana, ukoo ulikaa ukaamua kwamba mtoto huyu mwenye pua kali akasomee udaktari wa mifugo Uhispania, ambako binamu yake alikuwa ametangulia, akapata shahada, na akanenepa. Alishuka kituo cha treni cha Zaragoza tarehe 3 Oktoba 1970, akiwa na koti la kuazima, akapelekwa moja kwa moja mtaa wa San Pablo, ghorofa ya tatu, kwa mjane aitwaye Bi Visitación Lahoz, aliyekuwa akipangisha wanafunzi vitanda pamoja na chakula.

Maisha ya kila siku katika nyumba ile marehemu aliyasimulia mara nyingi, hasa wakati wa kula, nasi watoto tukajifunza kumeza haraka kabla hajafika mahali pabaya. Siku ya Jumamosi, maji moto ya bafu moja yaliogesha wapangaji saba kwa kufuata umri, na yeye, mdogo kuliko wote, aliingia wa mwisho, maji yameshapoa, yana rangi ya mchuzi, na nywele za wenzake zinaelea juu. Taulo la kunawia uso lilikuwa moja. Don Leoncio, karani mstaafu, alilaza meno yake ya bandia kwenye glasi, na asubuhi glasi ile ile ilirudi mezani na maji ya kunywa, na cierzo, ule upepo wetu wa baridi kali, ulipovuma madirisha hayakufunguliwa wiki nzima, soksi zikakaushwa juu ya jiko linalochemshia supu, na nyingine, marehemu aliapa mbele ya mashahidi, zilidondokea humo. Kitu kimoja tu alikipenda, nacho ni porrón, ile chupa yetu ya kioo yenye mdomo mrefu mwembamba, ambayo huinuliwa juu na mvinyo ukarukia kinywani bila mdomo wa mtu kuigusa, akasema taifa lililobuni kitu kile haliwezi kupotea lote.

Bi Visitación, ambaye ni bibi yetu mzaa mama, alikuwa mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, na alidhani tatizo ni dini. "Ewe Mwarabu, mbona unaikodolea sahani macho? Ina nguruwe, ndiyo, usile, Mungu wako asije akakuchoma!" Naye akamjibu, "Bi mkubwa, babu zangu walibatizwa babu zako wangali wanaabudu mawe. Nguruwe namla vizuri tu, ninachoogopa ni mate ya don Leoncio." Meza nzima ikaangua kicheko, isipokuwa don Leoncio, na bibi hakushindwa, akamwambia, "Nyoo! Na kwenu si mnachovya mikono kumi kwenye sinia moja?" Marehemu akamweleza kwa subira kwamba kwao kila mtu hula upande wake, tonge hurushwa kinywani kwa kidole gumba bila vidole kugusa midomo, na kilichoingia kinywani hakirudi siniani mpaka kiama. Tangu siku hiyo akaitwa Mwana wa Mfalme, na akapewa kiti kilicho karibu na choo.

Lazima isemwe, kwa haki ya bibi, kwamba yeye naye alikuwa na kinyaa chake. Mwaka 1941, mwaka wa njaa, alimzika mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyekufa kwa kukosa chakula, akaapa kwamba jikoni mwake hakitatupwa kitu, na mtu aliyebakiza chakula alimchefua kuliko mwenye kidonda kinachonuka. Ndiyo sababu Jumatano moja mwaka 1973, marehemu alipoingiza vyombo jikoni ili asaidie, alimkuta anakwangua sahani zote saba kwa kisu, pamoja na mifupa iliyokwisha fyonzwa, pamoja na kipande cha nyama ambacho Saturio, mwanafunzi wa sheria kutoka Soria, alikuwa amekitafuna akakitema kwa sababu kina mshipa, vyote vikiingia bakuli moja, na Alhamisi bakuli lile likawa kroketi, yale madonge ya unga na maziwa yaliyokaangwa, ambayo mtaa mzima uliyasifu na marehemu mwenyewe alikuwa ameyala kwa miaka miwili na nusu, akiomba aongezwe. Alitapika kuanzia ghorofa ya tatu mpaka mlango wa barabarani.

Toka hapo hakula chochote cha nyumba ile ila kilichokuja na ganda lake: machungwa, karanga, ndizi, na mayai ya kuchemsha ayamenye mwenyewe. Suruali zikaanza kumvuka, na aliyeona ni binti wa nyumba, Orosia, aliyekuwa na miaka ishirini, akawa anampitishia yai kwenye mfuko wa aproni, na mara ya kwanza alimnong'oneza, "Nimeliosha kwa sabuni." Marehemu alisema mpaka uzeeni kwamba hajawahi kusikia mwanamke akitamka maneno matamu kuliko hayo, na mama, ambaye ameketi hapa mbele na anatikisa kichwa nisiendelee, hajawahi kukanusha.

Mwezi Mei 1975, ikiwa imebaki miezi michache waombe ruhusa ya kuchumbiana, wapangaji wote waliokula kroketi za Alhamisi walishikwa na kuhara na kutapika, na Saturio akapelekwa hospitali hajitambui. Daktari akauliza wamekula nini. Bi Visitación alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, amekunja mikono, na kila mpangaji aliyemtazama alikumbuka kwamba mitihani imekaribia na hana pa kulala, wakajibu kwa sauti moja, "Konokono, daktari, tulinunua sokoni," na daktari akaanza kutafuta sumu mahali ambapo haikuwepo, na Saturio akazidi kulegea. Marehemu alijua kwamba akifungua kinywa anapoteza paa na anampoteza Orosia, na akikifunga huenda akamzika mwenzake. Akasema, "Ni kroketi, daktari. Zimetengenezwa kwa masalia ya sahani zetu, yamekaa kwenye bakuli kwenye joto tangu Jumapili. Mimi sikula, ndiyo maana nimesimama." Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini Bi Visitación hakuwa Mungu.

Saturio alipona, wakaguzi wakaifunga nyumba mpaka Septemba, na sanduku la marehemu lilitupwa kutoka dirishani, chupi zake zikasambaa barabarani mbele ya waumini waliokuwa wakitoka misa, huku bibi akipiga kelele, Baba Padri atusamehe, ndivyo alivyosema, "Kanyea kambi angali yumo ndani! Binti yangu hutamwona hata kivuli!" Wale wapangaji aliowaokoa hawakumsalimia tena, isipokuwa Saturio, na hilo lilimtia marehemu kichefuchefu kuliko bakuli. Mwaka wake wa mwisho wa masomo alilala kwenye chumba cha mlinzi wa machinjio, akasema palikuwa pasafi zaidi, akahitimu Juni 1976, na Januari 1979 akaajiriwa kuwa bwana afya wa jiji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2016, akinusa vitambaa vya jikoni kabla ya kusalimia, nanyi wa viti vya nyuma ni mashahidi.

Alifunga ndoa na Orosia Bernad Lahoz tarehe 14 Oktoba 1978, viti vya upande wa bibi harusi vikiwa vitupu, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1980 na Khalil mwaka 1983, ambao bibi yetu alitupita barabarani akitema mate chini.

Mwaka 1992 bibi alipooza upande mmoja, na akili yake ikarudi mwaka 1941 ikabaki huko. Aliletwa nyumbani kwetu kwa kuwa hakuwa na pengine. Hakukubali kula mpaka aone mtu anakula naye kwa kijiko kile kile, kimoja chake kimoja cha mwenzake, kwa kuwa aliogopa kwamba mtoto hajala, na kikibaki chochote sahanini, hata kile alichokitafuna akakirudisha, alilia usiku kucha. Mama alijaribu, bibi akamsukuma. Mimi nilijaribu, nikakimbilia sinki. Aliyemkubali ni baba. Kwa miaka minne alikaa mbele yake, kijiko kwa bibi, kijiko kwake, udelele unamtiririka yule mzee kidevuni na kuingia bakulini, kisha akamaliza yaliyobaki, akaenda bafuni kutapika, akasukutua kwa maji ya chumvi, akarudi na kumwonyesha sahani nyeupe. Mama alimwambia, "Tupa tu, Jiryis, hataona." Akajibu, "Ataona." Hakuzoea hata siku moja, na anayesema upendo huondoa kinyaa hakuwahi kuketi meza ile. Shukrani aliyoipata ni kwamba siku moja bibi alimtazama akilamba kijiko, akatugeukia na kusema, "Huyu Mwarabu ana tumbo la mbwa, anakula kila kitu," na marehemu akacheka mpaka machozi. Bibi alifariki tarehe 9 Machi 1996, hajamwomba radhi.

Baba aliugua saratani ya kongosho tangu Februari 2018, akafariki Jumapili tarehe 11 Novemba 2018, akiwa na miaka sitini na saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliokubali kunawa mikono mbele yake mara mbili, majirani waliopokezana kukesha, wafanyakazi wenzake wa afya, ndugu wa Madaba, na don Saturio, aliyetoka Soria na fimbo yake.

Neno la mwisho ni kuhusu kaburi. Ukoo wa mama una tundu moja tu la kuzikia kwenye ukuta wa makaburi, bibi yumo, na jana fundi ameisukuma mifupa yake nyuma kupisha jeneza. Msituone wachoyo. Mwezi Septemba mama alimuuliza, "Tukununulie jipya? Najua tumbo lako." Baba akakunja pua kama kawaida yake, akasema, "Niwekeni kwa mama. Kijiko tumeshirikiana, kaburi litanishinda nini?"

Bibi, jisogeze. Baba, ziba pua, ulale salama.