Erasto Elisha Ngailo: Fundi Aliyekataa Mashine Isingiziwe

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, ni Erasto Elisha Ngailo. Hapa Magomeni, Mtwara, majirani walimwita Baba Zawadi. Karakanani walimwita Fundi Subiri, kwa sababu mtu akinyoosha mkono kuchomoa waya kwenye mashine, neno lake la kwanza lilikuwa hilo: "Subiri. Andika kwanza ulipokuwa."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Lupembe, Njombe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Elisha Ngailo na mama Helena. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yake, ambaye naye ametangulia, alipenda kusimulia kwamba kumtuma Erasto kwenye mashine ya kusaga ilikuwa hasara ya siku nzima. Siku moja alirudi na unga jua likiwa limeinama, akamkuta mama yake mlangoni. "Mahindi yalisagwa saa nne," mama akasema. "Wewe ulibaki unasagwa nini?" Mtoto akajibu kwamba mkanda wa mashine ulikuwa unaruka mara moja kila mizunguko tisa, na alitaka kujua kama wa kumi nao ungeruka.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Lupembe kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akachaguliwa kwenda shule ya ufundi mkoani Iringa, alikomaliza mwaka 1979. Baada ya mafunzo ya umeme wa viwandani Dar es Salaam, mwaka 1984 aliajiriwa katika kiwanda cha vipuri jijini humo. Pale ndipo alipokutana na mashine ya CNC, yaani ile ya kukereza vyuma ambayo haiongozwi kwa mkono bali kwa kompyuta iliyo ndani ya kabati lake. Wenzake waliiogopa. Yeye aliomba apewe zamu ya kuifagilia chini, apate kuisikiliza. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1995, alikuja Mtwara kufunga mashine za korosho kwa mkataba wa miezi sita. Akakaa miaka thelathini.

Kilichomweka kina jina. Mwaka 1997 aliitwa kutengeneza mashine ya kurudufu mitihani katika shule moja ya msingi hapa mjini, na mwalimu aliyeitunza aliitwa Theresia, binti wa Masasi. Mashine ilipona siku ya kwanza. Fundi akarudi Jumatano kuikagua, akarudi Ijumaa kuikagua tena. Aliporudi Jumatatu, Mwalimu Theresia akamwuliza mbele ya walimu wenzake, "Fundi, hii mashine inapona au imezoea kuugua?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zawadi mwaka 1999 na Godfrey mwaka 2003.

Nyumbani alikuwa na namna moja tu ya kuamua kesi, nayo ilitoka karakanani. Kwenye mashine kuna kadi mbili zinazofanana, kila moja ikisukuma upande wake. Upande mmoja ukigoma, fundi mwepesi hutupa kadi ya upande ule. Erasto alizibadilisha nafasi kwanza. Kosa likihama pamoja na kadi, kadi ni mbovu. Kosa likibaki palepale, kadi imesingiziwa. Sasa watoto walipokuwa wadogo walilala kitanda kimoja, na Zawadi kila siku alilalamika kwamba Godfrey anamfinya. Baba hakumchapa mtu. Aliwabadilisha pande. Asubuhi Godfrey ndiye aliyeamka analia kwamba dada yake anamfinya. Baba akapiga magoti, akapapasa godoro, akakuta msumari uliochomoza kwenye ubao. "Watoto wamesingiziwa," akamwambia mama yao. Akatafuta nyundo.

Mwaka 2009 Bwana Thabiti Jafari wa Mikindani, aliyekuwa na karakana ya kuchomelea, alinunua mnadani mashine ya CNC iliyotengenezwa mwaka 1986. Hakuna mtu mjini aliyejua kuiamsha, akamtafuta Erasto. Tangu hapo hawakuachana. Mashine ile imekereza vyuma vya boti za Msimbati, vya viwanda vya korosho na vya pampu za maji za vijijini, na vijana watatu wamejenga nyumba kwa kazi yake.

Yeye mwenyewe asingependa tufiche kosa lake, maana alilisimulia kila mahali. Mwezi Mei 2010 alitaka kubadilisha betri ndogo iliyo ndani ya kabati. Alikuwa amefundishwa kuzima umeme kabla ya kugusa kitu, akazima. Lakini betri ile ndiyo inayoishikia mashine kumbukumbu zake umeme unapokatika. Hubadilishwa mashine ikiwa inawaka. Alipoitoa na umeme umezimwa, mashine ikasahau yote: urefu wake, mwendo wake, mwanzo wake na mwisho wake. Alikwenda kwa Bwana Thabiti akiwa amevua kofia. "Mashine haijaharibika," akasema. "Mimi ndiye niliyeisahaulisha." Bwana Thabiti akamtazama, akasema, "Basi wewe ndiye utakayeikumbusha." Ilimchukua siku arobaini na moja, kwa karatasi iliyoliwa nusu na unyevu na kwa kumpigia simu fundi wa mbali mwenye mashine kama ile. Alipomaliza alinunua kaunta buku ya kwaya tatu, lile daftari nene la jalada gumu, akanakili kwa mkono wake tarakimu za mistari yote mia nne na kumi na miwili. Juu ya jalada akaandika: BETRI, IKIWA INAWAKA.

Tarehe 6 Februari 2024, akitoka kuoga, alianguka. Ilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kama mtu anayehesabu mbegu. Mkono uliokuwa ukilehemu waya mwembamba kama unywele haukuweza tena kushika kijiko. Mwezi Juni mwaka huo mashine nayo ikasimama, upande mmoja ukigoma na taa nyekundu ikiwaka. Akaja fundi mgeni kutoka mbali, akafungua kabati, akasema kadi zote zimekufa, hakuna tena vipuri vyake duniani. Baada ya miezi mitatu ya kukaa kimya, Bwana Thabiti alifika Magomeni kumjulia hali, na kwa heshima akamwambia kwamba lori la vyuma chakavu litakuja Jumamosi tarehe 19 Oktoba.

Erasto akauliza, "Walizibadilisha kadi nafasi?"

"Fundi wangu, sijui. Alisema zimekufa."

"Alijuaje?"

Erasto akamwambia, neno kwa neno, "Sitaki ifukiwe kabla yangu kwa kosa ambalo haikulifanya."

Kesho yake, tarehe 25 Septemba, alipanda bajaji kwenda karakanani. Mwalimu Theresia alibeba kaunta buku, na Zawadi alikwenda kuwa mkono wa kulia wa baba yake, akiwa na mwanawe Upendo wa miezi saba mgongoni. Bwana Thabiti akawapokea, akamwita Erasto pembeni. "Huyu binti kasomea wapi mambo haya?"

"Darasa la saba," Erasto akajibu. "Tarakimu ni zilezile kumi. Hata profesa hana ya kumi na moja."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kabati lililo wazi, mtoto akalazwa mkekani, na kazi ikaanza kama alivyoianza siku zote: kuangalia, kunusa, kuandika, ndipo kugusa. Walianza na umeme. Kila saketi ya ubongo ule inataka volti tano. Mita ikaonyesha nne na kidogo. Zawadi akamulika tochi, akaona kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. Baba akasema, "Hao wamechoka, si wamekufa wote." Zikabadilishwa, Zawadi akilehemu, baba akimshika kiwiko kwa mkono wa kushoto kisitetemeke. Volti zikarudi tano, lakini upande ule bado uligoma. Wakazibadilisha kadi nafasi. Kosa likabaki palepale.

"Kadi imesingiziwa," Zawadi akasema kabla yake, na wote waliokuwepo walimwona akicheka kwa upande mmoja wa uso.

Wakaufuata waya hadi nyuma, kwenye plagi isiyofikiwa kwa urahisi, wakakuta pini zake zimeota kutu ya kijani. Hewa yetu hii ya chumvi. Spiriti na mswaki vilitosha. Taa nyekundu ikazimika tarehe 14 Oktoba. Zilibaki siku tano kabla ya lori, na kioo cha mashine kilikuwa kitupu. Betri ilikuwa imekufa katika ile miezi ya kukaa, na kumbukumbu zimekwenda nayo.

Betri mpya ikawekwa, kaunta buku ikafunguliwa. Mwalimu Theresia alisoma tarakimu kwa sauti kama anayetoa imla, Zawadi akabonyeza, akisimama tu pale Upendo alipotaka kunyonya. Walimaliza Alhamisi mchana. Mashine ikaambiwa isogeze kisu kidogo kuelekea chuma. Kikaondoka kwenda upande mwingine kwa kasi. Erasto akainuka kwenye kiti, mtu ambaye tangu Februari hakuwa ameinuka bila kushikwa, akapiga kitufe chekundu kwa mkono wa kushoto. Kisu kikasimama upana wa kidole kabla ya kugonga.

Bwana Thabiti, aliyekuwa mlangoni, akatoka nje.

"Subiri," Erasto akasema. "Mwalimu, soma tena ukurasa wa tisa."

Mama akasoma, "Elfu moja na kumi na moja."

"Mimi nimeandika nini?"

"Sifuri nne, halafu moja, sifuri, moja, moja."

"Umeziacha sifuri."

"Baba Zawadi, sifuri za mbele hazina thamani. Nimefundisha hivyo miaka thelathini na moja."

"Darasani, ndiyo," akasema, na ilimchukua muda kuyatoa yote. "Humu kila sifuri imekalia kiti chake. Ukiiondoa, wenzake wote wanasogea mahali si pao."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akairudisha. "Haya, Zawadi. Ukurasa wa kwanza. Sifuri."

Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, mashine ilikereza shafti ya pampu ya maji ya Mpapura. Bwana Thabiti aliipokea ikiwa bado ya moto, akaizungusha kiganjani. Akapiga simu kwa mwenye lori mbele ya watu wote: "Usije. Ndiyo, najua nilikwambia uje. Usije." Erasto aliomba arudishwe nyumbani akale. Alikuwa hajala vizuri wiki nzima.

Miezi kumi iliyofuata alikwenda karakanani kila Jumanne na Alhamisi. Hakushika bisibisi tena. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki na kumfundisha Zawadi, na akamtaka anakili kaunta buku nzima katika daftari jipya, pamoja na sifuri zote, kisha mama yake asahihishe. Mwalimu alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Ilipatikana sifuri moja iliyorukwa, ukurasa wa thelathini.

Tarehe 16 Agosti 2025 kiharusi kilirudi, akalazwa hospitali hapa mjini. Wauguzi na madaktari walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Ndani ya kaunta buku alikuwa ameandika zamani kwamba betri ibadilishwe Agosti, naye hakuwa amesahau. Jumatano alasiri Zawadi alifika wodini mikono ikinuka spiriti. Baba alifungua macho.

"Betri?"

"Nimebadilisha, baba."

Akakusanya nguvu kwa neno lililofuata. "Ikiwa?"

"Inawaka, baba. Sikuizima. Imekumbuka yote."

Alifumba macho, akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha Upendo, aliyekuwa ameegemea kitanda. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 21 Agosti 2025, Bwana alimchukua, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Aliomba azikwe hapahapa Mtwara, na ndugu wa Lupembe wamekubali. Tunawashukuru kwa safari ndefu.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Theresia, watoto wawili, Zawadi na Godfrey, mjukuu mmoja, Upendo, anayetembea sasa, ndugu wanne, na Bwana Thabiti Jafari, aliyetuomba aandikwe pamoja na ndugu, nasi tumemwandika. Ameacha pia kaunta buku mbili. Karakana imefungwa leo kwa ajili ya msiba, lakini umeme wa mashine haukuzimwa.

Baba Zawadi, umeandika ulipokuwa, nasi tumesoma. Pumzika sasa kwa amani kwa Bwana wako. Inawaka.