Mota ya Baba Yenu Ifunguliwe Leo

Nishikie hiki kikopo cha mafuta, bado nafuta kutu kwenye springi inayosukuma brashi ya mota, kile kipande cha kaa kinachopitisha umeme, halafu niambie tena ulichosema. Baba yenu mdogo yuko njiani? Anakuja kununua mota ya marehemu baba yenu, na ni wewe kitinda mimba uliyempigia simu? Vizuri. Tangu nifiwe natafuta njia ya kumkalisha kwenye meza hii, wewe umemleta kwa simu moja. Msiniangalie hivyo. Wa kati, kimbia mtaa wa nyuma ukamlete yule mzee aliyekuwa mwamuzi wa mashindano, mwambie namwita mimi, na urudi upesi. Nyinyi wawili niwekeeni mto mgongoni mkae mnisikilize, maana daktari ameacha kunidanganya na sina pumzi ya kusema jambo mara mbili.

Baba yenu alishindana na magari ya rimoti, yale madogo ya kupita chini ya kiti, katika daraja la mota za kiwandani: unainunua ikiwa imefungwa, masikio yake ya bati yamekunjwa, na ni marufuku kuifungua, kwa sababu ukipunguza mizunguko ya waya ndani, gari litakimbia kuliko la mwenzako. Aliposhinda fainali, na mdogo wake akawa wa pili, huyo mdogo wake alimwendea mwamuzi akamwambia, tazama masikio ya mota ile yana mikwaruzo, na shemeji yangu kule nyumbani anasuka mota. Basi. Kweli nilikuwa nasuka mota, nazizungushia waya mpya zilizoungua, za feni na za pampu za maji, ndizo zilizowalisha, na mikono yangu hii ikageuzwa ushahidi. Baba yenu akanyang'anywa ushindi, nami nikaitwa Mama Waya mpaka wateja wakaogopa kuniachia feni zao.

Mtauliza kwa nini haikufunguliwa palepale. Kuhesabu mizunguko ni lazima uufumue waya, na mota iliyofumuliwa imekufa. Halafu babu yenu alisema wanawe hawatavuliana nguo mbele za watu. Baba yenu akatii mpaka kaburini. Na siku ya kumzika, mdogo wake akasimama akasema kaka alikuwa na udhaifu wake kama binadamu yeyote. Nilikuwa nyuma kabisa, nikamsikia, machozi yakakauka hapohapo. Sasa babu yenu naye hayupo, na amri yake ameondoka nayo.

Mikwaruzo ile aliitia nani? Asubuhi ya fainali sanduku la vifaa lilikuwa kwake. Siwezi kulithibitisha, kwa hiyo sitalitamka mbele yake. Nitathibitisha ninaloliweza.

Majirani walidhani ujane umenipanda kichwani, mama mzima anazunguka kwenye maduka yanayofungwa akiulizia mota za zamani za brashi kama anayetafuta dawa ya mtoto. Nilikuwa natafuta ndugu za mota ile, za toleo lilelile, ambazo hazijaguswa. Ya kwanza niliisugua kama feni ya mteja, ikang'aa, na lebo ikatoka na tambara. Ikabaki bati lisilo na jina. Baadaye nilizipenda, sikatai. Hata harufu ya brashi ikianza kuungua niliipenda. Lakini sikuzikusanya kwa mapenzi.

Kifungua mimba, kabati lote la mota hizo ni lako, na usisugue kitu. Wa kati atachukua mashine ya kusukia, asimwazime mtu. Wewe uliyepiga simu, nakuachia meza na matambara. Usinune, hata mimi nilianzia kwenye matambara.

Haya, hao wanaingia wote. Mzee, karibu. Shemeji, karibu, kaa hapo penye taa. Unasemaje? Tusiifungue, itapoteza thamani? Shemeji, umeanza lini kuihurumia mota hii? Mbona unafuta jasho na feni inazunguka?

Kama ilisukwa, haikusukwa na mimi. Ilisukwa na mwingine, na hilo nalo nataka kulijua kabla sijafa. Kifungua mimba, anza na hii ambayo haijaguswa, wote waone kiwanda kiliweka nini. Fumua, hesabu kwa sauti. Ishirini na saba. Sasa ya baba yako. Inua masikio taratibu. Toa kiini, kile chenye pande tatu za waya. Mpe mzee ahesabu mwenyewe, na usivute kwa nguvu, waya wa zamani hukatika.

Ngapi? Ishirini na saba. Na pande mbili zilizobaki? Hivyo hivyo. Rudia, mzee. Nimesikia, ndiyo, lakini rudia ili na yeye asikie.

Shemeji, mbona umesimama? Keti. Huwezi kutoka kwangu na njaa, watu watasema nimekunyima. Kesho mzee atakwenda kwenye klabu ya mashindano kusema alichokihesabu, nawe utakuwepo, wanangu watakupitia. Sijakusamehe, nisikudanganye. Kula tu.

Wanangu, huyu asiseme neno siku ya kunizika. Asimame nyuma kabisa, pale nilipokuwa mimi. Mota msiifunge tena, waya ukae nje ulivyo. Wakiniita Mama Waya, itikeni. Na... ngoja nivute pumzi. Mungu awape mikono isiyotetemeka, na mume au mke atakayeamini neno lenu kabla ya kufungua chochote. Msilie sana. Nimechoka, na mtu aliyechoka hulala.

Leteni sufuria. Pakueni, mgeni kwanza. Taa imefifia au ni macho yangu? Itikeni nijue mpo. Kifungua mimba. Wa kati. Kitinda mimba, sogea karibu, sijakufukuza. Mzee. Shemeji... Shemeji? Sema kwa sauti.

Yupo. Wote mpo. Kuleni.